Kusoma Alama za Viwanda kwenye Sarafu za Zamani: Mwongozo kwa Mkusanyaji wa Mwanza

Anayeanza kukusanya sarafu akiwa Mwanza ana bahati ambayo wengi hawaijui. Katika nyumba za wazee wa Magu, Sengerema, Misungwi na Ukerewe bado kuna mikebe na makasha ambamo hela za Wajerumani, senti zenye tundu za Waingereza na rupia za Bara Hindi zimelala pamoja. Mchanganyiko huo una sababu yake. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za ziwani ziliiunganisha Mwanza na Mombasa, hata wakati mji huu ulipokuwa bado chini ya Wajerumani. Na reli ya kutoka Tabora haikufika hapa hadi mwaka 1928. Kwa hiyo fedha za tawala mbalimbali zilikutana mikononi mwa wafanyabiashara wa ziwa hili, na nyingine hazikuondoka.

Wengi huangalia jina la nchi, thamani na mwaka, kisha wanaiweka sarafu kando wakidhani wamemaliza. Kuna jambo la nne, nalo ndilo mwongozo huu unalifundisha: alama ya kiwanda, yaani herufi moja au mbili ndogo zinazoonyesha sarafu ilitengenezwa wapi. Shilingi mbili za Afrika Mashariki za mwaka 1944 zinaweza kufanana kwa kila kitu, ilhali moja ilitoka Birmingham na nyingine ilitoka Pretoria. Kwa mkusanyaji hizo ni sarafu mbili tofauti, na asiyejua kuzitenganisha atauza adimu kwa bei ya kawaida au atanunua ya kawaida kwa bei ya adimu.

Hatua ya kwanza: andaa kioo, mwanga na mikono

Tafuta kioo cha kukuzia chenye uwezo wa kukuza mara 10. Ndicho wanachotumia masonara na wanunuzi wa madini, kwa hiyo katika jiji lenye biashara kubwa ya dhahabu kama letu hakikosekani. Kioo kikubwa cha kusomea gazeti hakitoshi, kwa sababu herufi nyingine zina urefu usiofika hata milimita moja. Tandika kitambaa laini mezani ili sarafu ikianguka isipate jeraha, nawa mikono uikaushe vizuri, na uishike sarafu kwenye ukingo wake, si kwenye nyuso.

Mwanga uje kutoka ubavuni. Tochi ya simu ikielekezwa sarafu kutoka juu huifanya ing'ae yote na herufi zikapotea. Ikilazwa karibu na meza, kila kilichoinuka hutoa kivuli chake, na hata herufi iliyosagika kwa miaka mingi ya kupita mikononi hujitokeza. Izungushe sarafu polepole chini ya mwanga huo, kwa kuwa herufi isiyoonekana upande huu huonekana ukiigeuza robo mzunguko.

Usiisafishe sarafu ili uione vizuri. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linaloharibu sarafu nyingi kuliko jingine lolote hapa kwetu: mtu anaipata hela nyeusi, anaisugua kwa majivu, ndimu au steliwaya, inang'aa kama mpya, na thamani yake inapotea palepale. Kusugua huondoa uso wa sarafu, na alama ya kiwanda, kwa udogo wake, ni miongoni mwa vitu vya kwanza kufutika. Ikiwa imefunikwa na udongo, iloweke katika maji safi kwa saa kadhaa, kisha iache ikauke juu ya kitambaa bila kuipangusa kwa nguvu.

Hatua ya pili: fahamu utawala na mwaka kabla ya kutafuta herufi

Herufi peke yake haina maana kamili. A kwenye sarafu ya Kijerumani inasema Berlin. Kwenye sarafu ya nchi nyingine inaweza kusema jambo lingine kabisa. Ndiyo maana ni lazima kwanza ujue sarafu ilitolewa na nani na mwaka gani. Sarafu za Kijerumani zina maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, au kifupi chake D.O.A. kwenye heller (sarafu ndogo) za dharura zilizotengenezwa Tabora. Za Kiingereza zina maneno EAST AFRICA, na zile zilizotangulia Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, zina maneno EAST AFRICA & UGANDA PROTECTORATES. Za Tanzania huru zinaanzia mwaka 1966, Benki Kuu ilipoanzishwa.

Baada ya hapo anza kutafuta herufi kwenye mwaka. Angalia kushoto kwake, kulia, juu na chini. Usipoona kitu, hamia upande wenye thamani, uangalie chini ya tarakimu na mahali ambapo matawi ya shada yanakutana. Mwishowe zungukia ukingo wote wa pande zote mbili. Alama haikuwekwa mahali pamoja kwa kila aina ya sarafu, kwa hiyo usiridhike kwa sababu tu hukuiona pale ulipoizoea.

Hatua ya tatu: zisome za Kijerumani, A, J na T

Mwaka 1904 Wajerumani waliacha mfumo wa pesa 64 kwa rupia moja, wakaanzisha heller 100 kwa rupia. Tangu hapo sarafu zao zina alama. A ni kiwanda cha Berlin na J ni cha Hamburg. Kwa baadhi ya miaka, kama 1905 na 1906, sarafu ya thamani ileile ilitengenezwa kote kuwili, na mkusanyaji makini huziweka zote mbili katika mpangilio wake. Rupia za kabla ya mfumo huo, zenye jina la Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, hazina herufi, kwa hiyo usihangaike kuitafuta humo.

Elimu ya alama husaidia hapa pia kugundua udanganyifu. Sarafu kubwa ya bronzi ya heller 5, ile pana inayojaza kiganja cha mtoto, ilitolewa kwa miaka miwili tu, 1908 na 1909, na yote ilitoka Hamburg. Akija mtu na sarafu hiyo yenye herufi A, usibishane naye. Irudishe tu kwa heshima, kwa kuwa haikutengenezwa hivyo.

T ndiyo herufi inayotuhusu sana sisi wa kanda hii, maana kiwanda chake hakikuwa Ulaya. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, manowari za Kiingereza ziliifunga pwani, na sarafu kutoka Ujerumani zikawa haziingii. Utawala wa koloni ulikuwa na askari na wapagazi wa kulipwa, na sarafu zilikuwa zinakwisha. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kuwa kiwanda cha sarafu. Humo zilitengenezwa heller 5 za shaba ya njano, heller 20 za shaba nyekundu na za shaba ya njano, na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo na mlima nyuma yake. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, upande wa Iramba, na sehemu ya shaba ilipatikana kwa kuyeyusha maganda ya risasi na mizinga. Kazi hiyo haikudumu: Waingereza waliichukua Mwanza mwezi Julai mwaka huohuo, na Wabelgiji wakaingia Tabora mwezi Septemba.

Ukishika heller 20 ya Tabora usitazamie kazi safi kama ya Berlin. Uzito hutofautiana, ukingo hauko sawa, na picha mara nyingine imekaa upande. Huo ndio uhalisia wake, na binafsi naona ndio uzuri wake, kwa kuwa ni kazi ya mafundi wa reli waliolazimika kuwa mafundi wa fedha katikati ya vita. Tena kwenye heller 20 kusoma T peke yake hakutoshi. Chapa za chuma zilizotumika zilikuwa zaidi ya moja, hivyo kuna zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Na upande wa pili, ukizitazama herufi mbili za L katika neno HELLER, kuna ambazo ncha zao zimejikunja, kuna zenye ncha kali, na kuna ambazo ni L ya pili tu iliyojikunja. Kila muungano wa taji na ncha hizo huhesabiwa kuwa aina yake, na baadhi ni adimu kuliko nyingine. Chukua muda hapa. Heller 20 ni sarafu ambayo mkazi wa Mwanza au Tabora ana nafasi ya kweli ya kuipata kutoka kwa familia iliyoihifadhi tangu zamani, na maelezo haya madogo ndiyo yanayotenganisha sarafu ya kawaida na ya kutafutwa.

Rupia 15 ya dhahabu ni jambo lingine. Zilitengenezwa takriban 16,000 tu, na za kughushi ni nyingi. Ya kweli ina uzito wa gramu 7.168, upana wa milimita 22 na dhahabu sehemu 750 kati ya 1,000. Ukiletewa, nenda nayo kwa sonara mwenye mizani nyeti na kipimo cha usafi wa dhahabu kabla ya kutaja bei yoyote.

Hatua ya nne: zisome za Kiingereza, H, KN, I na SA

H ni kiwanda cha familia ya Heaton kilichokuwa Birmingham, ambacho kilitengenezea makoloni mengi sarafu pale kiwanda cha kifalme cha London kilipozidiwa na kazi. H hiyo ilikuwepo tayari kwenye rupia ya Mombasa ya mwaka 1888, iliyotolewa na Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. KN ni King's Norton, kampuni nyingine ya Birmingham. Sarafu isiyo na herufi katika kundi hili kwa kawaida ilitoka London. Shilingi za 1949, 1950 na 1952 zinafaa sana kwa mazoezi, kwa sababu kila mwaka kati ya hiyo una za H, za KN na zisizo na herufi, na si vigumu kuzipata.

I na SA zililetwa na Vita Kuu ya Pili. Njia za bahari kutoka Uingereza zilipokuwa za hatari, kazi ya kutengeneza sarafu za Afrika Mashariki iligawanywa. Sehemu ilipelekwa Bombay, inayoonyeshwa na I, na sehemu ikapelekwa Pretoria, Afrika Kusini, inayoonyeshwa na SA. Shilingi za I ni za miaka ya mwanzo ya 1940, na za SA ni za 1944 hadi 1946. Senti 5 za SA zilitangulia, mwaka 1942 na 1943. Kuwa mwangalifu na I. Ni mstari mmoja tu uliosimama, na juu ya sarafu iliyochakaa huonekana kama mkwaruzo au kama tarakimu 1 iliyopotea njia. Ukiwa na shilingi ya 1942 mbele yako, swali lako liwe: je, ni H au ni I? Tazama kama kuna mguu wa pili na kiungo cha katikati. Kwa sarafu iliyosagika sana, kiungo cha H hutangulia kufutika, na miguu miwili hubaki kama mistari sambamba.

Shilingi hizi, kuanzia ya kwanza ya 1921 hadi ya 1946, zina gramu 7.78, na robo ya uzito huo ni fedha halisi. Kuanzia 1948 fedha iliondolewa, ukabaki mchanganyiko wa shaba na nikeli. Uzito haukubadilika, kwa hiyo mizani haitakuonyesha tofauti hiyo. Mwaka ndio utakaokuonyesha.

Kati ya sarafu zote za Kiingereza za ukanda huu, ninazowashauri wanaoanza wazitafute mapema ni senti 5 na senti 10 za mwaka 1936 zenye jina EDWARDVS VIII. Mfalme huyo aliacha kiti mwezi Desemba mwaka huohuo kabla hajatawazwa, na kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuingia mzungukoni. Huku kwetu senti zenye tundu hazikuwa na sura ya mfalme bali jina lake tu, hivyo zilikwisha kutengenezwa na kutumika sokoni. Senti 10 zipo zisizo na herufi, zipo za H na zipo za KN. Si ghali, na kuzipata zote tatu ni zoezi zuri kwa macho.

Sarafu isiyo na herufi, na herufi isiyo alama

Kutokuwepo kwa alama nako kunasomwa. Sarafu za kwanza za Tanzania za 1966, yaani senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, sumuni yenye sungura na shilingi yenye mwenge na sura ya Mwalimu Nyerere, hazina herufi ya kiwanda, ingawa zilitengenezwa Uingereza. Mtu akikuambia kwamba ana sumuni ya 1966 yenye H, mwombe uione kwanza.

Kuna pia herufi ndogo ambazo si za kiwanda. Chini ya shingo ya mfalme mara nyingi huwekwa herufi za mchongaji wa sura: Percy Metcalfe ndiye aliyechonga kichwa chenye taji cha George VI kilichopo kwenye shilingi zetu, na P.M. ni jina lake, si jina la mji. Kwenye riale ya Maria Theresa, ambayo ilitumika sana Zanzibar na pwani na nyingine zikasafiri hadi bara, kuna herufi S.F. chini ya picha ya malkia. Hizo ni za maofisa wawili wa kiwanda cha Günzburg, na kwa kuwa sarafu hiyo iliendelea kutengenezwa katika miji mingi, ikiwemo Vienna, London na Bombay, ikiwa na mwaka uleule wa 1780 na herufi zilezile, S.F. haikuthibitishii mahali wala umri wake. Kanuni ninayoifuata ni hii: herufi iliyo chini ya shingo au kwenye bega la sura huichukulia kuwa ya msanii au ofisa mpaka orodha ya sarafu iseme vinginevyo.

Alama nyingine si herufi. Rupia za India za Mfalme George V zilizotoka Bombay zina nukta iliyoinuka chini ya ua lililo chini kabisa upande wa thamani, na zisizo na nukta zilitoka Calcutta. Sarafu za India za sasa zinafuata desturi hiyo: almasi ni Mumbai, nyota ni Hyderabad, nukta ni Noida, na pasipo na alama ni Kolkata. Na ukipewa yuro ya Ujerumani na mgeni wa Saanane au Serengeti, utaikuta A ileile ya Berlin na J ileile ya Hamburg zilizo kwenye heller za babu zetu, pamoja na D ya München, F ya Stuttgart na G ya Karlsruhe.

Hatua ya tano: ihakiki kabla ya kulipa

Herufi inaweza kubandikwa au kufutwa. Kwa kioo cha mara 10, tazama mahali herufi inapokutana na uso wa sarafu. Iliyotoka na chapa huinuka kutoka kwenye uso bila mpaka; iliyobandikwa huwa na mstari mwembamba kuizunguka, au rangi tofauti kidogo. Palipofutwa huwa na mikwaruzo midogo ya mwelekeo mmoja, au panang'aa kuliko sehemu nyingine. Sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu badala ya kugongwa kwa chapa huwa na vitundu kama vya sindano, na mara nyingi ukingo wake una mshono. Pima uzito pia: rupia ya Kijerumani ina gramu 11.66, na iliyopungua sana kuliko uchakavu wake unavyoeleza ni ya kutiliwa shaka.

Ukienda kwa mzee mwenye mkebe, msalimie, keti, na umwachie asimulie hela hizo zilifikaje nyumbani kwake kabla ya kutoa kioo mfukoni. Kisha mwonyeshe naye. “Shikamoo babu, hii ina T, ilitengenezwa Tabora mwaka wa vita” ni maneno anayostahili kuyasikia kabla ya kukubali bei. Kununua sarafu adimu kwa kunyamazia unachokijua ni dhuluma, hata kama hakuna atakayekushitaki. Na usichimbe kwenye maboma na maeneo ya kale kwa kutafuta sarafu, kwa kuwa maeneo hayo yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na uchimbaji wake huhitaji kibali.

Hatua ya sita: hifadhi na uandike

Hewa ya ziwani ina unyevu, na shaba huota kutu ya kijani upesi. Weka kila sarafu katika bahasha yake ya karatasi isiyo na asidi au katika kifuko cha plastiki ngumu. Plastiki laini inayonuka kama kapeti jipya hutoa kemikali inayochafua na kula uso wa sarafu. Kasha likae juu ya kabati, mbali na ukuta wa nje, likiwa na vifuko vya kunyonya unyevu vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vibadilishe mvua za masika zinapoanza.

Juu ya bahasha andika kwa penseli utawala, thamani, mwaka, alama, mahali alama ilipo, uzito, na sarafu ilikotoka. Mahali alama isipoonekana, andika “haina” ikiwa umeitafuta kote na sarafu ni safi. Ikiwa imesagika kiasi cha kutojulikana, andika “haisomeki”. Bahasha iliyoandikwa vizuri inasomeka hivi: Afrika Mashariki, shilingi 1, 1944, SA, upande wa simba, gramu 7.7, kutoka kwa familia ya Nansio.